Kipande na Kibali: Taarikhi ya Fundi Mgeni katika Mji wa Eldoret

Wazee wa Uasin Gishu, wanapoutaja mji wa Eldoret kwa jina lake la zamani, husema Sisibo. Na neno hilo, ambalo msafiri angelidhani ni la Kinandi au la Kimaasai, kwa hakika ni namba ya 64 ya Kiingereza kama ilivyotamkwa na ndimi za wenyeji, kwa kuwa mji ulianzia katika shamba lililoandikwa kwa namba hiyo katika daftari la serikali. Mji uliozaliwa katika daftari haukuwahi kuachana na mambo ya hati. Na mtu akitaka kujua ni nani aliyehesabiwa kuwa fundi pale, na nani aliyehesabiwa kuwa kibarua tu, aanze kwa kuuliza kila mmoja wao alibeba karatasi gani.

Mwaka 1903 serikali ya Uingereza ilizungumza na viongozi wa Kizayuni habari ya kuwapa Mayahudi uwanda huu wa juu, nao wakakataa mwaka 1905, mwaka ule ule ambao Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, aliuawa na upinzani wao ukavunjwa. Miaka mitatu baadaye, Oktoba 1908, wakafika Makaburu waliotoka Afrika Kusini wakiongozwa na Jan van Rensburg: wameshuka merikebuni Mombasa, wamepanda gari la moshi hadi Nakuru, kisha wakakokotwa na maksai katika matope na misitu hadi uwandani. Hakuna aliyewauliza shahada wala idhini ya kufanya kazi, kwani ujuzi wao ulikuwa wa kuendesha maksai, kulima na kupiga bunduki, na serikali ilitosheka nao. Mwaka 1910 ofisi ya posta ilifunguliwa, na mwaka 1912 gavana akaupa mji jina la Eldoret.

Mwenye kuhitaji idhini alikuwa mwenyeji. Sheria ya kuwaandikisha Waafrika ilipitishwa mwaka 1915 ikatiwa nguvu baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ikamlazimu kila mwanamume mzima kubeba kipande: karatasi yenye alama za vidole vyake, jina la tajiri wake, ujira wake, na tarehe ya kuanza na kuacha kazi, imefungiwa katika kikasha cha bati kilichoning'inizwa shingoni. Kibarua aliyeondoka shambani pasipo kutiwa saini aliweza kutafutwa, kukamatwa na kushtakiwa. Hivyo ikawa kwamba mgeni alikwenda atakako, na mwana wa nchi alitafuta kazi katika ardhi ya babu zake kwa ruhusa iliyoandikwa.

Baina ya hao wawili alisimama Mhindi. Watu wapatao 32,000 waliletwa kutoka Bara Hindi kwa mkataba ili kujenga reli ya Mombasa hadi Ziwa Viktoria kati ya mwaka 1896 na 1901, na ingawa wengi wao walirejea kwao, waliobaki, pamoja na ndugu na wafanyabiashara waliowafuata, ndio waliokuwa waashi, maseremala, wahunzi, makarani na mafundi mitambo wa nchi hii. Sheria iliwanyima mashamba katika nyanda za juu, basi wakajibana mjini. Na reli ilipofika Eldoret mwaka 1924, duka la Mhindi na karakana ya Kalasinga vilikuwa tayari sehemu ya sura ya mji. Ufundi wao aghalabu ulirithiwa kama urithi wa nyumba, baba akimfundisha mwana na mjomba akimfundisha mpwa. Mwafrika aliyeajiriwa humo alishika mwisho wa ubao, akapuliza moto, akafagia takataka za randa, na mara nyingi aliyojifunza aliyaiba kwa jicho.

Hapo ndipo palipozuka ule mjadala ambao watu wa leo hudhani ni mpya. Tume ya Uchumi ya mwaka 1919, iliyotawaliwa na fikira za walowezi, iliandika kwamba Mhindi anamzibia Mwafrika njia ya kupanda kutoka ukibarua hadi ufundi na ukarani, na kwamba kwa maslaha ya mwenyeji huyo yafaa mlango wa Mhindi ufungwe. Maneno hayo hayakukosa chembe ya ukweli, kwani njia ilikuwa imezibwa kweli. Lakini waliosema walikuwa ndio wale wale waliomtia Mwafrika kipande shingoni, na khofu yao kubwa ilikuwa Mhindi kudai kura na mashamba. Wahindi nao walijibu kwamba nchi wameijenga kwa mikono yao na kwamba wao ni raia wa dola moja na hao wanaowafukuza. Mwafrika, ambaye jina lake lilitajwa na pande zote mbili, hakuitwa kutoa ushahidi wa haja yake.

Fatwa ilitoka London Julai 1923, katika Waraka wa Devonshire, uliotamka kwamba maslaha ya Waafrika ndiyo yatakayotangulizwa pindi yakigongana na ya wageni, ukakataa kuzuia uhamiaji kwa kufuata rangi, na papo hapo ukawaachia Wazungu nyanda za juu. Walowezi waliokuwa wamejikinga kwa jina la Mwafrika wakaona ngao yao imekuwa sheria juu yao wenyewe, walau katika maandishi. Tunda moja la fikira hizo lilikuwa chuo cha ufundi cha serikali kule Kabete, kilichofunguliwa katikati ya miaka ya 1920, ambako vijana wa Kiafrika walifundishwa useremala, uashi na uhunzi. Na kwa taksiri zake zote, chuo hicho kiligusa kiini cha jambo kuliko hotuba zote za baraza.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1963, wakazi wasio Waafrika walipewa muda wa miaka miwili kuomba uraia, na Wahindi walio wengi, kwa khofu au kwa kusitasita, wakashika pasipoti za Kiingereza. Ndipo ikaja Sheria ya Uhamiaji ya mwaka 1967, iliyoanza kutumika mwezi wa Desemba, ikimtaka kila asiye raia awe na kibali cha kazi, na kibali kisitolewe endapo raia wa kuifanya kazi ile yupo. Na pamoja nayo sheria ya leseni za biashara. Karatasi ilikuwa imehama shingo. Mhindi aliyezaliwa hapa, aliyesema Kiswahili cha sokoni tangu utotoni, aliambiwa athibitishe kwamba ujuzi wake haupatikani kwa mwingine. Na alipogeukia Uingereza, bunge la huko likapitisha kwa siku chache, Machi 1968, sheria ya kumzuia. Maelfu waliondoka, na karakana nyingi zikabadili wenyewe. Baadhi yake zilishikwa na wale waliokuwa wakishika mwisho wa ubao, nao wakaziendesha vema. Nyingine zilikufa, kwa sababu kibali kilichomwondoa fundi hakikuwa na uwezo wa kuacha nyuma yake yale aliyoyajua.

Eldoret yenyewe ilijifunza somo hilo katika nguo. Kampuni ya Raymond ya India ilikuwa na kiwanda cha sufu hapa, na katika miaka ya 1970 kikajengwa kiwanda cha Rivatex cha nguo za pamba, kilichotoa ajira kwa maelfu mpaka mitumba na uendeshaji mbaya vikakiangusha. Mwaka 2007 kikanunuliwa na Chuo Kikuu cha Moi, kilichoasisiwa hapa mwaka 1984 na ambacho hufundisha uhandisi wa nguo. Na mwaka 2019 kikazinduliwa upya kwa mitambo mipya, iliyonunuliwa kwa mkopo wa serikali ya India. Safari hii, tofauti na ile ya reli, mitambo ya Kihindi ilikuta darasa linaingoja.

Mwaka 2018 mjadala ulirudi katika vazi jipya. Madaktari wa serikali walikuwa wamegoma siku 100, kuanzia Desemba 2016 hadi Machi 2017. Na mwaka uliofuata serikali ikawaleta madaktari 100 wa Kuba, wengi wao mabingwa, ikasema kaunti za mbali hazina wataalamu. Chama cha madaktari kikajibu kwamba kuna madaktari Wakenya waliofuzu na hawana kazi, na katika mji kama Eldoret, wenye hospitali kuu ya rufaa na kitivo cha udaktari, jibu hilo halikuwa la kubezwa. Mwaka 2023 serikali ikatangaza kuukomesha mpango huo. Wapo waliosema ni chuki ya mgeni, kama ile ya 1919. Nami naona tofauti ni kubwa. Mwaka 1919 mwenyeji alisemewa na mtu mwenye haja yake mwenyewe. Mwaka 2018 mwenyeji alijisemea, akiwa na shahada mkononi, na swali lake halikuwa kwa nini Mkuba amekuja, bali kwa nini yeye hajaajiriwa.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na watu wengi huishia katika nusu ya kwanza ya methali, wengine kwa kuipigia makofi na wengine kwa kuilaani. Vijana wa Uasin Gishu wanaotafuta viza za Ulaya na Kanada siku hizi watakuwa wao ndio wageni wa methali hiyo, na huko watakuta watu wanaouliza maswali yale yale yaliyoulizwa hapa juu ya Kalasinga. Kwa hiyo, tunapoulizwa kama hati ya mgeni itolewe au izuiwe, tuulize kwanza kama kando yake pana mwenyeji anayefundishwa; maana yule kijana aliyekuwa akishika mwisho wa ubao hakukosa idhini ya mtu wala sheria ya kumtetea, alikosa mtu wa kumwachia randa.