Sheria ya mlango wa rubani na ndege zetu ndogo

Tarehe 23 mwezi wa 11 mwaka 1996, wanaume watatu waliingia chumba cha rubani katika ndege ya Ethiopian Airlines iliyotoka Addis Ababa kwenda Nairobi, wakidai iende Australia. Mafuta yaliisha, ndege ikaanguka baharini Komoro. Watu 125 kati ya 175 walikufa.

Lakini dunia ilishtuka baada ya Marekani kushambuliwa mwaka 2001. Tangu mwezi wa 11 mwaka 2003, ndege yenye kubeba abiria zaidi ya 60 inapaswa kuwa na mlango wa rubani usiopenywa na risasi.

Zaidi ya 60! Let 410, yenye viti 19, haimo. Na ni ndege ndogo za namna hiyo zinazotua Rughenda hapa Butembo na Mavivi kule Beni, zikibeba familia zinazoogopa barabara ya Eringeti.

Let 410 ilianguka Bandundu tarehe 25 mwezi wa 8 mwaka 2010, watu 20 wakafa. Mmoja tu aliyepona alisimulia kwamba mamba alitoka katika mfuko wa abiria, watu wakakimbilia mbele kwa rubani, ndege ikakosa usawa. Kwa ndege hizo, rubani analindwa chini, pale mifuko inapofunguliwa kabla ya kupanda.