Kujigawa na Kuzaliwa: Historia ya Swali la Seli Mpya za Neva katika Ubongo

Vitabu vingi vya baiolojia huitaja seli ya neva kuwa mfano wa seli isiyojigawa. Kauli hiyo ni sahihi kwa seli iliyokwisha kukomaa. Hata hivyo, kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 kauli hiyo ilibebeshwa hitimisho jingine: kwamba ubongo wa mtu mzima haupati kamwe seli mpya za neva. Makala hii inafuatilia jinsi hoja hizo mbili zilivyochanganywa na jinsi zilivyotenganishwa.

Aliyeupa msimamo huo uzito ni Santiago Ramón y Cajal wa Hispania, aliyetunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1906 pamoja na Camillo Golgi. Katika kazi yake ya miaka ya 1913 na 1914 alieleza kuwa njia za neva katika ubongo uliokomaa huweza kufa lakini haziwezi kuzaliwa upya. Cajal mwenyewe aliiachia sayansi ya baadaye kazi ya kuibadili hukumu hiyo ikiwezekana. Waliomfuata waliishika hukumu, wakalisahau sharti lake. Aidha, darubini na rangi za wakati ule hazikuweza kutambua seli changa ya neva iliyotokana na seli ya aina nyingine.

Zana mpya ilipatikana katikati ya karne hiyo: thimidini yenye mionzi, ambayo huingia katika DNA ya seli inayojiandaa kujigawa. Kwa kuitumia, Joseph Altman wa Massachusetts Institute of Technology aliliibua swali hilo mwaka 1962, na mwaka 1965 yeye na Gopal Das walichapisha ushahidi wa seli mpya katika hipokampasi ya panya. Michael Kaplan aliunga mkono matokeo hayo kwa darubini ya elektroni mwaka 1977. Wote wawili hawakusadikiwa na wengi. Mwaka 1985 Pasko Rakic, baada ya kuchunguza tumbili aina ya rhesus, alihitimisha kuwa hakuna seli mpya za neva zinazoongezeka katika ubongo wao uliokomaa.

Fundo lilifunguliwa mwaka 1992, Brent Reynolds na Samuel Weiss walipotenga seli shina kutoka ubongo wa panya mzima. Ikabainika kwamba seli mpya ya neva haihitaji mzazi aliye seli ya neva: seli shina ndiyo hujigawa, na baadhi ya watoto wake hukomaa kuwa seli za neva. Cajal hakukosea alichokiona. Kosa lilikuwa katika kilichohitimishwa kutokana nacho.

Kuhusu binadamu, mjadala ungali wazi. Mwaka 1998 Peter Eriksson, Fred Gage na wenzao waliripoti seli mpya katika hipokampasi za wagonjwa wa saratani waliofariki. Mwaka 2013 kundi la Jonas Frisén lilipima kaboni-14 iliyosambazwa na majaribio ya mabomu ya nyuklia, likakadiria seli mpya 700 kwa siku katika kila hipokampasi. Mwaka 2018 tafiti mbili zilipingana: moja haikuona seli changa kwa watu wazima, nyingine iliziona hata kwa wazee. Mwaka uliofuata, watafiti wa Madrid walionesha kuwa muda wa kuhifadhi tishu katika dawa huathiri kuonekana kwa seli hizo.

Historia hii inawahusu watunga sera kwa namna mbili. Kwanza, kutoonekana kwa kitu kusihesabiwe kuwa uthibitisho wa kutokuwapo kwake kabla ya kupima uwezo wa zana na utunzaji wa sampuli. Pili, ushahidi uliopo haujathibitisha tiba. Anayemuahidi mgonjwa wa kiharusi au wa Alzheimer kuwa seli zake zitazaliwa upya anauza kisichokuwapo bado.