Umri wa makamo na bima ya afya: je, ukate ya kampuni binafsi?

Kila mwaka mnada wa korosho ukishaanza, kuanzia Oktoba, na malipo ya AMCOS yakianza kuingia kwenye akaunti, swali hili huongezeka hapa studio: "Nina miaka arobaini na ushee, sijawahi kulazwa. Je, nikate bima ya afya ya kampuni binafsi, au hela hiyo ninunulie salfa ya mikorosho?"

Si swali dogo. Wengi wetu, kuanzia Makote na Newala mjini hadi Masasi, tunajua kinachotokea ugonjwa unapoingia nyumbani Machi au Aprili, wakati hela za msimu zimekwisha. Mtu huuza korosho zikiwa bado maua, kwa kangomba, kwa bei ya kutupa. Wengine huweka rehani shamba lenyewe. Mgonjwa anapona, lakini familia inabaki na deni la misimu miwili.

Makala hii inaeleza namna ya kupima jambo hili kabla hujatia saini.

Kwa nini umri wa makamo?

Sera ya Afya ya 2007 inatoa msamaha wa malipo katika vituo vya umma kwa watoto chini ya miaka 5, wajawazito, na wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo. Wewe wa miaka 48 humo haumo. Unalipia kila kitu mwenyewe, na mara nyingi unawalipia pia watoto wakubwa na wazazi.

Na huu ndio umri ambao shinikizo la damu, kisukari, matatizo ya tezi dume na saratani ya mlango wa kizazi huanza kujitokeza. Magonjwa haya hayaishi kwa dozi moja. Yanataka vipimo na dawa mwaka hadi mwaka.

Kuna jambo la pili. Kampuni binafsi huangalia umri na hali yako ya afya siku unayojiunga. Ukienda ukiwa tayari na kisukari, huenda ukakubaliwa kwa bei ya juu, ukaambiwa ugonjwa huo haulipiwi, au ukakataliwa kabisa. Bima hukatwa mtu akiwa mzima.

Bima zipo za aina gani?

Ya kwanza ni ya umma. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, NHIF, uliundwa kwa sheria ya 1999 na kuanza kazi 2001 kwa watumishi wa serikali. Baadaye ulifungua milango kwa wengine, na mwaka 2019 ukatangaza vifurushi kwa watu binafsi.

Vijijini wengi tunaijua zaidi CHF, Mfuko wa Afya ya Jamii. CHF iliyoboreshwa, iliyoanza 2018, ilitoza shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita. Bei ilikuwa nafuu, ila matibabu yake yaliishia ngazi ya mkoa.

Kisha Bunge likapitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Sheria hiyo inataka kila mkazi wa Tanzania Bara awe na bima, na utekelezaji wake unakwenda kwa hatua. Kwa hiyo kabla ya kwenda kwa kampuni binafsi, pita kwanza kwa mtendaji wa kijiji au ofisi ya NHIF, uulize kaya yako inaweza kuandikishwa vipi na kwa kiasi gani mwaka huu.

Aina ya pili ni ya kampuni binafsi. Hizi husimamiwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA. Wateja wake wengi ni waajiri wanaowakatia wafanyakazi wao kwa pamoja. Mtu mmoja mmoja hulipa zaidi, kwa sababu hana kundi la kugawana naye hatari.

Ipige hesabu kwa kilo

Tuchukue mfano wa hesabu tu. Wakala anakutajia shilingi 600,000 kwa mwaka. Kilo ya korosho ikikupa shilingi 3,000 mkononi, hizo ni kilo 200, yaani magunia kadhaa kila msimu. Sasa jiulize: msimu mvua ikiharibu maua, kilo hizo 200 utazitoa wapi?

Swali hili lina uzito kwa sababu bima ya afya si akiba. Ukilipa miaka sita na mwaka wa saba ukashindwa, kadi inakufa na hurudishiwi kitu. Ukitaka kurudi ukiwa na miaka 55, unaanza upya kama mgeni, kwa bei ya umri huo.

Maswali ya kumuuliza wakala

*Kadi inapokelewa wapi?* Usikubali jibu la "hospitali zote kubwa". Taja mwenyewe: Mkomaindo, hospitali ya Newala, Ndanda, Ligula, Hospitali ya Kanda ya Kusini pale Mitengo. Kisha nenda au piga simu dirisha la bima la hospitali hiyo uulize. Mwenzetu mmoja hapa redioni alilipa mwaka mzima. Siku mkewe alipougua usiku, akagundua kwamba hospitali ya karibu inayopokea kadi yake iko Dar es Salaam. Alilipa taslimu.

*Ukomo ni kiasi gani?* Kila mkataba una kiwango cha juu cha mwaka kwa kulazwa, na mara nyingi kingine kidogo kwa matibabu ya kutwa. Upasuaji au kusafisha damu kwa mgonjwa wa figo kunaweza kumaliza ukomo haraka.

*Kuna muda wa kusubiri?* Baadhi ya mikataba hailipii upasuaji au uzazi hadi miezi kadhaa ipite.

*Ugonjwa nilionao unalipiwa?* Sema ukweli kwenye fomu. Ukificha presha, kampuni ina sababu ya kukataa kulipa siku utakapoihitaji.

*Mwisho wa umri ni upi?* Kama wanakutoa ukifika 60 au 65, utakuwa umelipa miaka ya uzima na kuachwa miaka ya maradhi.

Majibu yote yataka maandishi. Omba mkataba wenyewe, si kipeperushi, na leseni ya wakala. Ukidhulumiwa, malalamiko hupelekwa TIRA au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Nani akate, nani asubiri?

Kwa maoni yetu, bima ya kampuni binafsi inafaa kwa mwenye kipato kinachoingia mwaka mzima, kama duka, mshahara au biashara ya usafirishaji, anayeweza kulipa hata msimu ukiwa mbaya, na ambaye kadi yake inapokelewa katika hospitali anayoweza kuifikia.

Anayetegemea korosho peke yake aanze na bima ya umma kwa kaya nzima. Kiasi kilichobaki akiweke VICOBA au benki kwa jina la matibabu, kwa ajili ya nauli, chakula cha msindikizaji na dawa zinazokosekana dirishani. Gharama hizo bima nyingi hazizigusi.

Asiyefaa kuigwa ni yule anayesema atakata akiugua. Mwezi huu, kabla hujanunua chochote, nenda kituo cha afya ukapime presha na sukari. Ukijua hali yako ndipo utajua bima ipi ya kutafuta, na utaitafuta mapema.