Wanane wa Biosphere 2 na ndoto ya miaka 120

Mwaka 2025 ilitimia miaka 90 tangu Clive McCay na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, wachapishe habari za panya wao: waliopewa chakula kidogo, lakini chenye vitamini na madini yote, waliishi muda mrefu kuliko wale walioachwa wajilie watakavyo.

Aliyeyabeba hayo kwa moyo wote ni Dkt. Roy Walford wa Los Angeles. Aliamini binadamu akila kidogo anaweza kufika miaka 120, na mwenyewe akaishi hivyo. Septemba 26, 1991, akiwa na miaka 67, aliingia na wenzake saba ndani ya Biosphere 2, jengo la vioo lililofungwa kabisa huko Arizona, wakae miaka miwili wakila walichokilima wenyewe.

Mavuno yakawa haba. Miezi sita ya mwanzo kila mtu alipata wastani wa kalori 1,780 kwa siku, na kazi za shamba na mifugo zilikuwa palepale. Walford, daktari wa kundi, hakuona balaa. Aliona jaribio la McCay limehamia kwa watu. Mwenzao Jane Poynter amesimulia kwamba pizza moja ilimchukua miezi minne, maana ilibidi apande ngano, avune, asage, kisha akamue mbuzi apate jibini. Viazi vitamu alivila hadi ngozi ikaingia rangi ya chungwa.

Kisha wakagombana. Wanne huku, wanne kule, wakipishana bila kutazamana usoni. Kisa kilikuwa uongozi wa mradi na utafiti wake, ila njaa na hewa iliyopungukiwa oksijeni haviwezi kumpa mtu subira.

Hata hivyo damu yao ilisema mengine. Katika miezi hiyo sita, lehemu ilishuka kutoka wastani wa 191 hadi 123, na presha ya juu kutoka 109 hadi 89. Magazeti yaliucheka mradi, na hadi leo watu huukumbuka kama kituko. Hiyo si haki. Wala si haki kutumia kifo cha Walford, aliyeuawa na maradhi ya neva mwaka 2004 akiwa na miaka 79, kama hukumu ya utafiti wake.

Baadaye jaribio la CALERIE lilichukua watu 218 kwa miaka miwili. Lengo lilikuwa kupunguza asilimia 25 ya kalori. Waliopangiwa kupunguza waliweza kama asilimia 12, na presha na lehemu zao zikashuka. Kwamba mlo huo humrefushia binadamu maisha, bado hakuna aliyethibitisha.

McCay alisisitiza mambo mawili: chakula kidogo na lishe kamili. Wauzaji wa dawa za kupunguza mwili wanatangaza la kwanza tu, na wanaoumia ni wateja wao. Ndugu msomaji, kama una mimba, una kisukari au umri umesogea, usipunguze mlo kabla ya kumwona daktari.