Kuhama na Kuhamia: Wazanzibari wa Oman

Mwanaisimu anapoulizwa kwa nini watu huhama, hana budi kuanza na kitenzi chenyewe. Kiswahili kina "hama" na "hamia". Kitenzi cha kwanza huelekeza macho mahali panapoachwa. Cha pili, kwa kiambishi chake cha kutendea, huyaelekeza mahali panapoendewa. Aghalabu tunavichukulia kuwa pande mbili za tendo moja. Historia ya Wazanzibari waliohamia Oman inatuonyesha kwamba baina ya vitenzi hivi inaweza kupita miaka.

Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 yaliwafanya maelfu ya Wazanzibari, hususan wenye asili ya Kiarabu, kuyaacha makazi yao. Sababu ya kuhama ilikuwa bayana: hofu ya kuuawa, na kupotea kwa mali na madaraka. Hata hivyo, si wote waliofika Oman wakati huo. Ingawa Sayyid Said bin Sultan alikuwa ameuhamishia utawala wake Unguja katika karne ya 19, na nasaba nyingi za visiwani zilitoka Oman, nchi hiyo chini ya Sultan Said bin Taimur ilikuwa maskini na imejifungia. Basi wengi walitawanyika Bara, Mombasa, Kairo, Dubai na Uingereza. Walikuwa wamehama, lakini hawakuwa wamepata pa kuhamia.

Tarehe 23 Julai 1970 Sultan Qaboos bin Said alishika utawala. Mafuta, yaliyoanza kuuzwa nje mwaka 1967, yalimpa fedha za kujenga nchi. Waliosoma ndio waliopungua. Akawaita Waomani waliokuwa ng'ambo. Wazanzibari wenye elimu, wanawake kwa wanaume, wakaingia katika ualimu, utabibu na ofisi za serikali. Hapo ndipo sababu ya kuhamia ilipopatikana: kazi, uraia na usalama.

Wengi huliita tendo hili "kurudi". Lakini hurudije mtu mahali asipopata kupaona? Wengi wao walizaliwa Unguja na Pemba, na Kiarabu iliwabidi wajifunze ukubwani. Walioitwa Waarabu Unguja, walipofika Muscat wakaitwa Wazanzibari. Wahenga walisema, mwacha asili ni mtumwa. Asili ipi, basi? Nasaba ya baba, au lugha waliyobembelezewa utotoni? Wenyewe walijibu kwa matendo: Kiarabu wakakitumia kazini, Kiswahili wakakiweka nyumbani, na hadi leo kinasikika Muscat.

Kwa hiyo, tusitosheke kusema kwamba watu huhama kwa sababu ya umaskini au vita. Yatupasa kuuliza maswali mawili: ni nini kilichomtoa mtu kwao, na ni nani aliyemfungulia mlango? Jibu la swali la kwanza hutupa mkimbizi. La pili ndilo linalotupa mwananchi mpya.