Dalali, Fundi na Mdhamini: Historia ya Wakala wa Matangazo

Katika biashara zote hakuna mtu anayelaumiwa kuliko dalali, wala hakuna anayetafutwa upesi kuliko yeye. Muuzaji humwona kuwa mla faida. Mnunuzi humwona kuwa sababu ya bei kupanda. Lakini wawili hao wakishindwa kuonana, wote humwendea yeye. Kila kizazi hutabiri kifo cha dalali, na kila kizazi humkuta amevaa joho jipya.

Siku hizi utabiri huo unasemwa juu ya wakala wa matangazo ya biashara. Inasemwa kwamba masoko ya kazi huru yaliyo katika intaneti, ambamo mwenye duka aweza kumpata mwandishi, mchoraji au mpiga picha wa nchi yoyote kwa muda wa saa moja, yatamwondoa wakala kama jua liondoavyo umande. Ili kulipima neno hilo, haitoshi kulitazama soko lilivyo leo. Yafaa kuuliza kwanza wakala alizaliwa kwa kazi gani, na kazi ipi imemweka hai kwa muda wa karibu miaka 180.

Katika Marekani, mtu anayehesabiwa kuwa wakala wa kwanza ni Volney Palmer, aliyefungua ofisi yake Philadelphia mapema katika miaka ya 1840. Palmer hakuwa mwandishi wala mchoraji wa matangazo. Kazi yake ilikuwa kujua magazeti yaliyo mbali, kuchukua tangazo la mfanyabiashara, kulipeleka gazetini, na kukusanya fedha. Ujira wake haukutoka kwa mfanyabiashara bali kwa gazeti, lililomwachia robo ya fedha iliyolipwa. Kwa hiyo mwanzoni wakala alikuwa mtu wa magazeti, akiuza nafasi katika kurasa zao kama vile dalali auzavyo shamba la mwingine.

Baada yake alikuja George Rowell, aliyeanza kazi Boston mwaka 1865. Yeye alinunua nafasi kwa jumla katika magazeti mengi, akaiuza kwa rejareja, na tofauti ya bei ikawa faida yake. Mwaka 1869 alitoa kitabu kilichoorodhesha magazeti ya Marekani na kukadiria idadi ya nakala zilizouzwa, jambo ambalo wenye magazeti walipenda lifichwe. Mwaka huohuo, katika Philadelphia, kijana Francis Wayland Ayer alianzisha kampuni aliyoiita N. W. Ayer & Son kwa heshima ya baba yake. Katikati ya miaka ya 1870 Ayer alianza kufanya mapatano ya namna mpya. Alimfunulia mteja bei halisi iliyotozwa na gazeti, kisha akatoza juu yake kamisheni iliyojulikana.

Huenda mapatano hayo yakaonekana kuwa jambo dogo la hesabu, lakini yaliugeuza uwakala wote. Tangu hapo wakala alianza kuwa mtu wa mteja, si wa gazeti. Mteja aliyekwisha kujua bei ya nafasi hakuwa na sababu ya kumlipa mtu kwa kuificha. Alimlipa kwa shauri. Hivyo polepole wakala alilazimika kuchunguza soko, kuandika maneno, kuchora picha, na kujibu mali ilipokosa kununuliwa. Tena, kwa desturi, alilidhamini gazeti kwamba fedha zitalipwa, hata mteja akichelewa. Kamisheni ya asilimia 15 ikawa kawaida ya kazi, na mwaka 1917 mawakala wa Marekani wakaunda chama chao.

Isidhaniwe kuwa fundi huru ni kiumbe wa intaneti. John Powers, ambaye aghalabu hutajwa kuwa mwandishi wa kwanza wa matangazo aliyeishi kwa kazi hiyo peke yake, aliandikia duka la John Wanamaker huko Philadelphia tangu mwaka 1880. Alipoachana na duka hilo mwaka 1886, hakuingia katika kampuni yoyote ya wakala. Aliuza kalamu yake mwenyewe kwa aliyeitaka, akapata sifa na mali. Wakala na fundi huru ni watu wa zamani waliokaa pamoja. Mmoja hakumfukuza mwingine, kwa kuwa kila mmoja aliuza kitu chake: fundi aliuza kazi ya mkono na akili, na wakala aliuza kazi hiyo pamoja na dhamana.

Kuanzia katikati ya karne ya ishirini, wakala alivuliwa nguo zake moja baada ya nyingine. Mwaka 1956 serikali ya Marekani ilikifanya chama cha mawakala kikubali kuacha kulazimisha kamisheni ya namna moja kwa wote, na mlango wa kupatana bei ukafunguka. Mwaka 1988 katika Uingereza kampuni ya Zenith ilianzishwa kwa kununua nafasi na muda wa matangazo tu. Kazi ya Palmer ikatengwa na kazi ya kutunga. Mwaka 2000 Google ilianza kuuza matangazo kwa njia ambayo mwenye duka mdogo kabisa aliweza kununua mwenyewe, bila kumwona mtu. Kazi ile ya kwanza, iliyomzaa wakala, ikafanywa na mashine. Kama wakala angalikuwa dalali wa nafasi tu, angalizikwa siku hizo.

Wakati huohuo masoko ya kazi huru yaliinuka. Elance ilifunguliwa mwaka 1999, na oDesk mwaka 2003. Zikaungana mwaka 2014, na mwaka uliofuata zikaitwa Upwork. Freelancer ilianza Australia mwaka 2009, na Fiverr ilianza Israeli mwaka 2010. Masoko hayo husemwa kuwa yamemwondoa mtu wa kati, lakini hesabu yake yasema vingine. Fiverr humkata fundi asilimia 20 ya mapato yake. Upwork, kuanzia mwaka 2016 hadi 2023, ilikata asilimia 20 ya dola 500 za kwanza alizopata fundi kwa kila mteja, na kiwango kikapungua kazi ilipoendelea. Ukate huo hauko mbali na robo ya Palmer. Soko halikumwua dalali. Soko ni Palmer mwenyewe aliyefufuka, mwenye orodha ndefu zaidi na mkono mwepesi zaidi. Kama yeye, huwakutanisha watu na kukusanya fedha. Na kama yeye, hajibu kwa neno lililoandikwa.

Majaribio yamefanywa. Mwaka 2009 kampuni ya Unilever katika Uingereza iliachana na wakala wake wa miaka mingi katika matangazo ya soseji za Peperami, ikatangaza katika intaneti zawadi ya dola 10,000 kwa atakayeleta wazo bora. Mawazo zaidi ya 1,000 yalifika. Washindi walikuwa wawili, na wote walikuwa watu waliokwisha kufanya kazi ya matangazo. Mlango ulifunguliwa kwa umma, lakini walioingia hadi ndani walikuwa wanafunzi wa shule ileile ya zamani. Mwaka huohuo huko Colorado ilianzishwa Victors & Spoils, kampuni iliyokusudia kuwa wakala kwa kutumia mawazo ya umati; miaka mitatu baadaye ilinunuliwa na Havas, kundi kubwa la mawakala la Ufaransa.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa kampuni ya viatu ya Nike. Mwaka 1971 alama yake ilichorwa na Carolyn Davidson, mwanafunzi wa usanifu wa Chuo Kikuu cha Portland State, kwa dola 35. Mwaka 1983 kampuni ilimtunza pete na hisa. Alama hiyo yajulikana duniani kote, na ilitoka kwa fundi huru. Lakini mwaka 1982 kampuni hiyohiyo ilimpata wakala, Wieden+Kennedy wa Portland, aliyeitungia mwaka 1988 maneno matatu yajulikanayo kote, na aliyekaa nayo mwaka baada ya mwaka. Alama yaweza kununuliwa mara moja. Sauti ya kampuni hailetwi kwa mara moja. Huhitaji mtu akumbukaye kilichosemwa jana na atakayeulizwa kesho.

Si haki, hata hivyo, kulidharau soko. Fundi cherehani, mwenye hoteli ndogo, au mkulima auzaye asali hawakuwa na wakala kamwe; mlango wa wakala ulikuwa mzito kwao. Kwa watu hao soko halikuchukua nafasi ya mtu, bali lilijaza nafasi iliyokuwa tupu. Tena limemfikia fundi aliyekaa mbali na mitaa ya mawakala. Mwaka 2016 serikali ya Kenya ilianzisha mpango wa Ajira Digital ili kuwavuta vijana katika kazi za mtandaoni. Kijana wa Nairobi aweza leo kumwandikia mfanyabiashara wa Chicago asiyemjua kwa sura, na ujira wake ukamfikia.

Lakini hapo ndipo penye hasara isiyohesabiwa katika bei. Katika ofisi ya wakala mwanagenzi alikaa karibu na bingwa. Aliandika neno likakatwa, akaandika jingine likakatwa, hata akaelewa sababu; na makosa yake yalilipwa na kampuni, si na tumbo lake. Soko halina mwanagenzi. Humpa fundi kipande cha kazi kilichokwisha kukatwa, humhukumu kwa idadi ya nyota, na asiye na nyota hukaa kivulini. Washindi wa Peperami walifunzwa mahali fulani kabla ya kushinda. Soko huvuna mafundi wasiopandwa nalo, na shamba linalovunwa bila kupandwa halikosi siku ya njaa.

Basi jawabu la historia si ndiyo tupu wala la tupu. Kampuni ya N. W. Ayer yenyewe ilifunga milango mwaka 2002, baada ya miaka 133. Jina kubwa halikuiokoa. Kazi ya kukutanisha watu imekwenda sokoni na haitarudi. Kazi ya mkono inakwenda huko siku kwa siku. Iliyobaki kwa wakala ni mizigo miwili: kujibu kwa neno lililosemwa mbele ya watu, na kumlea atakayelisema baadaye. Wakala akiitua mizigo hiyo ili awe rahisi kama soko, atakuwa amejiondoa mwenyewe. Na soko likitaka kuirithi nafasi yake, itabidi liibebe, na siku hiyo halitakuwa rahisi tena.