Misalaba Kumi na Mitano ya Vézelay



Wiki hii karatasi yetu haina mahubiri ya kawaida. Nimetoka safari, na mwenye kutoka safari hukaa na wenzake akawasimulia aliyoyaona. Mwana wa dada yangu, ambaye amekaa Ufaransa miaka mingi, alinipeleka kwenye mji mdogo uitwao Vézelay, kilomita kama 220 kutoka Paris, katika jimbo la Bourgogne. Mji uko juu ya kilima, na juu kabisa limesimama kanisa kubwa la Wakatoliki, mahali pa hija kwa karibu miaka elfu.

Najua wengine mtauliza: "Mtumishi, wewe Mpentekoste, ulikwenda kutafuta nini huko?" Hata mimi nilijiuliza njiani. Nawajibu hivi: sikwenda kuabudu mifupa. Nilikwenda kuangalia mahali ambapo mhubiri mmoja alisimama mbele ya umati, akasema, na watu wakaondoka na neno lake wakaenda kufa. Sisi ambao Mungu ametupa maikrofoni tunapaswa kuijua habari hiyo.

Unapanda kwa miguu. Barabara ni moja, ya mawe, yenye nyumba za zamani kulia na kushoto. Wakaaji wa mji hawafiki 500, lakini wageni ni wengi kuliko wenyeji. Kanisa lenyewe linaitwa kwa jina la Maria Magdalena, yule ambaye Bwana alimtoa pepo saba (Luka 8:2), na ambaye asubuhi ya Pasaka alitumwa kuwapasha mitume habari za ufufuo (Yohana 20:17-18). Katika karne ya 11 watawa wa Vézelay walitangaza kwamba wana mifupa yake. Watu wakaja kwa maelfu, na mji ukatajirika. Halafu mwaka 1279, huko Saint-Maximin kusini mwa Ufaransa, wengine wakatangaza kwamba mifupa ya kweli iko kwao, na mwaka 1295 Papa Bonifasi wa Nane akakubaliana nao. Kuanzia hapo hija ya Vézelay ikafifia. Mji uliojengwa juu ya mifupa uliangushwa na mifupa mingine. Mimi nilikumbuka swali ambalo malaika waliwauliza wanawake kaburini: kwa nini kumtafuta aliye hai kati ya wafu? (Luka 24:5).

Lakini ngojeni, msicheke haraka. Mlangoni nilikuta kitu kilichonifunga mdomo.

Juu ya mlango mkubwa wa ndani kuna sanamu iliyochongwa kwenye jiwe, kati ya mwaka 1120 na 1140 hivi. Bwana Yesu ameketi, mikono ameinyosha, na kutoka vidoleni mwake inatoka miali inayoshuka juu ya vichwa vya mitume. Mwana wa dada yangu akaninong'oneza: "Mjomba, hii si Pentekoste?" Ndiyo, wengi huisoma hivyo: Roho akishuka, na mitume wakitumwa kwa mataifa. Na mataifa yenyewe yamechongwa kuizunguka: watu wenye masikio makubwa ajabu, watu wenye vichwa vya mbwa, na watu wafupi sana, mmoja wao anapanda farasi kwa ngazi. Mchongaji hakuwahi kuwaona. Alisikia hadithi za watu wa mbali. Mimi Mkongomani nilisimama chini ya hao watu wafupi nikawafikiria ndugu zetu Wambuti wa msituni. Alivyowachora ni kwa ujinga, lakini hakuwaacha nje. Aliwaweka ndani ya mlango, chini ya mikono ya Kristo. Hiyo ni Matendo 1:8 iliyoandikwa kwa nyundo.

Shikeni picha hiyo moyoni, kwa maana sasa tunashuka bondeni.

Upande wa kaskazini wa kilima kuna njia inayoshuka mpaka mahali paitwapo La Cordelle. Pana kikanisa kidogo na msalaba wa mti. Hapo, siku ya Pasaka, tarehe 31 Machi 1146, umati ulikuwa mkubwa hata hawakuweza kuingia kanisani, wakakusanyika nje mtelemkoni. Mfalme Louis wa Saba alikuwepo. Mhubiri alikuwa Bernard, mkuu wa watawa wa Clairvaux, mtu mwembamba, mgonjwa wa tumbo, lakini ulimi wake ulijulikana Ulaya yote. Zaidi ya mwaka mmoja kabla, mji wa Edessa uliokuwa mikononi mwa Wakristo ulitekwa na majeshi ya Waislamu, na Papa Eugenius wa Tatu aliagiza watu waitwe kwenda vitani. Bernard ndiye aliyeita.

Odo wa Deuil, mtawa aliyesafiri baadaye pamoja na mfalme, ameandika yaliyotokea. Watu walipiga kelele wakitaka misalaba ya kitambaa ili waishone kwenye nguo zao. Iliyokuwa imetayarishwa ikaisha. Bernard akachana mavazi yake mwenyewe akatengeneza mingine. Wapendwa, sisi tunajua mkutano wa namna hiyo! Tunajua umati unapowaka moto, wakati mhubiri hahitaji tena kusukuma, yeye ndiye anasukumwa.

Baadaye Bernard alimwandikia Papa kwamba miji imebaki mitupu, na wake wengi wamekuwa kama wajane huku waume zao wangali hai. Aliandika hivyo kama habari njema.

Moto ukiisha kuwashwa hauulizi aliyeuwasha uende wapi. Mwaka uleule, kando ya mto Rhein, mtawa mmoja aitwaye Radulf alianza kuhubiri kwamba kabla ya kwenda mbali watu waanze na maadui walio karibu, yaani Wayahudi. Wayahudi wakauawa. Bernard aliposikia hakukaa kimya. Aliandika barua kuwakataza watu, kisha akasafiri mwenyewe hadi Mainz, akamkuta Radulf akiwa na umati upande wake, akamwamuru arudi kwenye nyumba ya watawa. Efraimu wa Bonn, Myahudi aliyekuwa mtoto siku zile, aliandika baadaye akimshukuru Mungu kwa ajili ya mtawa huyo. Tusimnyime Bernard haki yake: alitoka akaenda kuzima. Lakini wengine walikuwa wamekwisha kuzikwa.

Na vita yenyewe? Jeshi la Wajerumani lilivunjwa huko Asia Ndogo mwezi wa Oktoba 1147. Jeshi la mfalme Louis lilipigwa milimani mwezi wa Januari 1148. Waliobaki walizingira mji wa Dameski mwezi wa Julai, na baada ya siku chache wakarudi nyuma. Edessa haikukombolewa. Watu wakamgeukia Bernard: "Wewe si ulituambia ni mapenzi ya Mungu?" Alijibu katika kitabu alichomwandikia Papa. Alisema dhambi za waliokwenda ndizo zilizowaangusha, kama Waisraeli jangwani. Alisema pia kwamba afadhali watu wamnung'unikie yeye kuliko kumnung'unikia Mungu. Nimeyawaza sana majibu hayo mawili. La kwanza twalijua, ni jibu la kila mhubiri ambaye unabii wake haukutimia: "Ninyi hamkuwa na imani." La pili ni gumu zaidi, na ni la heshima zaidi.

Hapo La Cordelle niliketi kwenye jiwe, na nitawaambia kwa nini. Mwaka mmoja wa vita, watu wetu wakiwa wamekimbia na mioyo ikiwa imejaa uchungu, mimi nilisema kwenye redio neno moja juu ya kabila la jirani zetu. Neno moja tu, katikati ya mahubiri ya saa nzima. Watu waliitika "Amina" kwa nguvu kuliko siku zote. Jumapili iliyofuata mama mmoja wa kabila hilo, aliyeimba kwaya yetu miaka mingi, hakuja. Wala iliyofuata. Sikumfuata. Nilijiambia ameshindwa kusimama katika imani.

Kijana akaniuliza, "Mjomba, umechoka?" Nikamjibu, "Ndiyo, nimechoka."

Alasiri tulikwenda Avallon, mji wa kale ulio kama kilomita 15 kutoka hapo. Ni mji wenye kuta za ngome juu ya bonde la mto, mnara wa saa wa karne ya 15, na kanisa la Lazaro. Nilifikiri tumeacha habari za vita kilimani, kumbe bado. Maana niliuliza: na sisi Waprotestanti, tulikuwa wapi katika historia hii?

Jibu la kwanza linapendeza. Théodore de Bèze, aliyeshika nafasi ya Calvin huko Geneva mwaka 1564, alizaliwa Vézelay, mwaka 1519, kwenye kilima kilekile. Jibu la pili halipendezi. Mwaka 1569, katika vita vya dini, askari wa Kiprotestanti waliuteka Vézelay, wakalipora lile kanisa. Watu walioimba Zaburi kwa lugha yao wenyewe, ambazo nyingi zilitiwa katika mashairi na huyo Bèze, nao walivunja na kunyang'anya. Kwa hiyo asiwepo wa kusema, "Wakatoliki ndio waliofanya." Mikono yetu pia iko pale.

Katika uwanja wa Avallon kuna sanamu ya mtu mmoja, kazi ya Bartholdi, yuleyule aliyetengeneza sanamu kubwa ya Uhuru iliyoko New York. Mtu huyo ni Vauban, aliyezaliwa mwaka 1633 katika kijiji kisicho mbali na hapo, mjenzi wa ngome za mfalme Louis wa Kumi na Nne. Alikuwa Mkatoliki na askari. Mwezi wa Oktoba 1685 mfalme alifuta ile amri ya Nantes ya mwaka 1598 iliyowapa Waprotestanti ruhusa ya kuabudu. Makanisa yao yakabomolewa, wengi wakalazimishwa kugeuka, wengine wakakimbia nchi. Wahubiri wakubwa wa wakati ule walimsifu mfalme. Vauban, mtu wa bunduki na mawe, mwaka 1689 akaandika waraka akiomba Waprotestanti warudishwe. Alihesabu kwamba kati ya watu 80,000 na 100,000 wameondoka, na akasema wazi kwamba mfalme anaweza kutawala mali na maisha ya watu, bali mawazo ya mioyo yao hayamo mikononi mwake. Mfalme hakusikia. Lakini neno lilisemwa, na lilisemwa na mtu ambaye halikumpa faida yoyote. Wachungaji walipopiga makofi, askari ndiye aliyewatetea wasio wa kanisa lake.

Asubuhi ya pili tulirudi kilimani. Siku ya kwanza nilikuwa nimepita ndani ya kanisa mbele ya misalaba mikubwa ya mti, mizito, imesimamishwa kando ya kuta, nikadhani ni mapambo ya Wakatoliki. Sasa niliuliza, nikaelezwa.

Mwezi wa Julai 1946 ilikuwa imetimia miaka 800 tangu mahubiri ya Bernard. Vita kuu ya pili ilikuwa imeisha mwaka mmoja tu. Badala ya kuita watu vitani, waliitwa kuombea amani. Makundi yalitoka sehemu mbalimbali za Ufaransa na nchi jirani, kama Uingereza na Ubelgiji, yakitembea kwa miguu, kila kundi limebeba msalaba mkubwa mabegani. Misalaba ilikuwa 14. Karibu watu 40,000 walipanda kilima.

Jirani na hapo palikuwa na kambi ya wafungwa wa vita, Wajerumani. Walipopata habari, waliomba nao waruhusiwe kuja. Fikirini hayo! Mwaka mmoja tu baada ya vita. Katika umati ule walikuwamo watu ambao Wajerumani waliwaulia watoto. Wafungwa hawakuwa na mti, basi walichukua maboriti ya nyumba zilizobomolewa na mabomu, wakayaunga msalaba. Wakaruhusiwa. Wakapanda nao. Ukawa wa 15, na mpaka leo uko ndani pamoja na ile mingine.

Nilisimama mbele ya msalaba huo muda mrefu. Bernard aligawa misalaba ya kitambaa, ikaisha, akachana nguo yake ili ipatikane mingine ya kwendea vitani. Wafungwa hao waliokota mti kwenye nyumba zilizobomolewa, wakapata msalaba wa kuwapeleka kwa adui zao. Mlima ni uleule, alama ni ileile. Tofauti iko katika mahali unapompeleka mtu aliyeubeba. Paulo aliwaandikia Waefeso kwamba kwa msalaba Bwana aliuua uadui (Waefeso 2:16). Hakusema aliwaua maadui.

Na juu ya mlango, miali ile bado inashuka juu ya mitume, na wale watu wafupi, wenye masikio makubwa, wenye sura za ajabu, bado wako ndani.

Wapendwa, sisi tunahubiri katika nchi ambayo watu wake wamekimbia mara nyingi na kuzika mara nyingi. Uchungu upo, na ni wa kweli. Kwa sababu hiyohiyo, neno la mhubiri kwetu ni kiberiti karibu na majani makavu. Yakobo 3 inasema ulimi ni moto. Kabla hujasema "hawa" na "wale" mbele ya watu, jiulize wataondoka na neno lako waende wapi. Na kama ulikwisha kulisema, usingoje miaka 800.

Mimi niliporudi nyumbani, kabla ya kuandika karatasi hii, nilikwenda kwa yule mama. Alinifungulia mlango. Hakusema mengi, wala mimi sikuomba arudi kwaya. Nilimwambia nilichokisema siku ile, neno kwa neno, kisha nikamwambia kilikuwa kibaya. Alinyamaza, halafu akaniletea maji ya kunywa.

Bwana atupe ndimi zilizotakaswa. Amina.